Mawe Meusi ya Jangwa la Marsabit: Yametoka Wapi, na Yanatudai Nini?

Anayesafiri kwa barabara kuu kutoka mjini Marsabit kuelekea Moyale, kaskazini mwa Kenya, hufika mahali ambapo nyasi na miti huaga na mawe meusi hushika nchi yote. Yametapakaa hadi upeo wa macho, mengine makubwa kama kichwa cha ng'ombe, mengine madogo kama ngumi ya mtoto. Hilo ndilo jangwa la Dida Galgalu, jina la Kiborana ambalo wengi hulifasiri kuwa «uwanda wa giza». Mchana jua likiwaka, mawe hayo hushika joto hata nyayo za ngamia huyaepuka. Mgeni hutazama na kujiuliza kama mahali pale pana faida yoyote katika kazi ya uumbaji.

Makala haya yanakusudia kujibu swali hilo kwa kuanzia kwenye jiwe lenyewe. Tutaona kwamba jiwe jeusi la Dida Galgalu halikuzaliwa jangwani. Limetoka kwenye kina ambacho hakuna mwanadamu aliyewahi kukifikia, na limebeba ndani yake habari za huko lilikotoka. Tutaona pia kwamba jiwe hilo hilo ndilo lililoujenga mlima wa Marsabit, msitu wake na visima vyake. Kwa hiyo, kulifahamu jiwe ni hatua ya kwanza ya kuyatunza maji, na maji kwa watu wa kaskazini ni suala la uhai na kifo.

Jiwe liitwalo basalti

Mawe haya huitwa basalti. Ni mwamba wa volkano, yaani lava iliyomwagika juu ya ardhi ikiwa na joto la nyuzi 1,100 hadi 1,200 za Selsiasi, kisha ikapoa na kuwa ngumu. Kwa kuwa ilipoa haraka, fuwele za madini yake hazikupata muda wa kukua. Ndiyo maana ukilivunja jiwe hilo huoni punje kubwa zinazometa kama za granti, bali unaona mwili wa rangi ya kijivu kilichokolea. Matundu madogo yaliyomo ni alama za mapovu ya gesi iliyokuwa ikitoka wakati lava inaganda, kama vile matundu ya mkate au ya chapati za maji.

Maabara ikilipima jiwe la basalti, hukuta kwamba karibu nusu ya uzito wake, yaani asilimia 45 hadi 52, ni silika, kiini kile kile cha mchanga wa kawaida. Sehemu inayobaki ni alumini, chuma, magnesi na kalsiamu, pamoja na kiasi kidogo cha sodiamu na potasiamu, zote zikiwa zimeungana na oksijeni. Chuma na magnesi ndivyo vinavyolifanya jiwe kuwa zito na jeusi. Weusi huo huongezeka zaidi jangwani, kwa sababu katika nchi kavu uso wa jiwe hujengewa polepole utando mwembamba wa manganizi na chuma, unaong'aa kama uliopakwa mafuta.

Lava za Marsabit na majirani zake zina sifa nyingine ya pekee. Nyingi zina silika kidogo kuliko basalti ya kawaida, nyingine hata chini ya asilimia 45, lakini zina sodiamu na potasiamu kwa wingi. Wataalamu wa miamba huziita lava za alkali. Jambo hili linaonekana dogo, lakini ndilo ufunguo wa habari yote inayofuata.

Jabali huyeyuka namna gani?

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba chini ya ardhi kuna bahari ya moto wa majimaji, na kwamba volkano ni tundu la kuutolea nje. Picha hiyo ni rahisi kuikumbuka, lakini si sahihi. Chini ya ganda la dunia tunalolikanyaga kuna tabaka nene liitwalo manteli, linaloshuka hadi kina cha kilomita 2,900 hivi na kuchukua zaidi ya asilimia 80 ya ujazo wote wa dunia. Tabaka hilo si majimaji. Ni jabali gumu, ingawa lina joto kali, na katika kipindi cha mamilioni ya miaka husogea polepole sana, kama nta iliyopata joto.

Basi, jabali gumu hugeukaje kuwa lava? Jibu linahusu mgandamizo. Wanaoishi kwenye miinuko mirefu wanajua kwamba maji huchemka mapema zaidi kule juu kuliko pwani, kwa kuwa hewa ya juu ina mgandamizo mdogo. Kwa jabali la manteli mambo yanafanana na hayo. Likiwa kwenye kina kirefu, uzito wa miamba iliyo juu yake hulibana lisiyeyuke, ingawa joto lake linazidi nyuzi 1,300. Likipanda kuelekea juu, mgandamizo hupungua, na bila kuongezewa joto lolote huanza kutoa jasho la majimaji. Majimaji hayo huitwa magma.

Neno «jasho» halikutumiwa ovyo, kwa sababu jabali haliyeyuki lote. Mfugaji akichoma nyama yenye mafuta, mafuta hutangulia kuyeyuka na kudondoka huku nyama ikibaki. Ndivyo ilivyo kwa manteli: sehemu ndogo huyeyuka na kupanda, na sehemu kubwa hubaki chini ikiwa ngumu. Ndiyo maana lava haifanani na jabali lililoizaa. Jabali la manteli huitwa peridotiti. Lina magnesi nyingi sana, ambayo ikihesabiwa pamoja na oksijeni iliyoungana nayo ni karibu asilimia 40 ya uzito wake, na potasiamu kidogo mno. Lava ni kinyume chake: imepoteza magnesi nyingi na kujipatia potasiamu na sodiamu.

Wanasayansi wanajuaje ni kiasi gani kiliyeyuka? Mfano wa chai utatusaidia. Ukimimina maji kidogo juu ya majani mengi ya chai, utapata chai kali. Ukimimina maji mengi juu ya majani yale yale, utapata chai nyepesi. Potasiamu na elementi nyingine zisizopenda kukaa ndani ya fuwele za manteli hukimbilia kwenye matone ya kwanza ya magma. Kama jabali limeyeyuka kidogo, asilimia chache tu, matone hayo huwa «makali», yaani yamejaa alkali. Kama limeyeyuka kwa asilimia 10 hadi 20, lava huwa nyepesi kwa elementi hizo. Katika manteli potasiamu ni chini ya sehemu 1 kwa kila 1,000. Katika lava za alkali hufikia sehemu 1 kwa kila 100 au zaidi. Kwa kupima uwiano huo mtaalamu hutambua kwamba lava kama za Marsabit zilitokana na myeyuko mdogo: jabali kubwa mno lilitoa matone machache, na matone hayo yakakusanyika yakawa mlima.

Kina nacho huacha alama. Chini ya kilomita 80 hivi, ndani ya peridotiti huwamo madini mekundu yaitwayo ganeti, na ganeti hung'ang'ania elementi adimu iitwayo iterbi. Magma ikitoka mahali penye ganeti hupanda ikiwa na iterbi kidogo, lakini ikiwa na elementi nyingine ya ukoo huo, lanthani, kwa wingi. Kwa hiyo jiwe lililookotwa kando ya barabara, likipimwa vizuri, hueleza lilizaliwa kwenye kina gani. Shimo refu zaidi lililowahi kuchimbwa na mwanadamu, lile la Kola nchini Urusi, halikuzidi sana kilomita 12. Jiwe la mfugaji wa Marsabit limetoka mbali zaidi ya hapo mara kadhaa.

Abiria wa rangi ya kijani

Mlima Marsabit una kasoko nyingi ambazo wenyeji huziita «gof». Maarufu zaidi ni Gof Sokorte Guda, ambamo hukaa Ziwa Paradise katikati ya msitu. Baadhi ya kasoko hizi zilitokea pale magma iliyokuwa ikipanda ilipokutana na maji ya chini ya ardhi. Maji yakageuka mvuke kwa ghafula na kuupasua mlima kwa kishindo. Katika mabaki ya milipuko hiyo hupatikana mawe ya ajabu: nje ni basalti nyeusi, ndani kuna donge la punje za kijani kibichi zinazometa.

Donge hilo ni kipande cha manteli yenyewe. Kijani ni madini ya olivini, yale yale ambayo yakiwa safi na makubwa huchongwa kuwa vito. Magma ilipokuwa ikipita kwenye nyufa ilibandua vipande vya kuta na kuvibeba. Vipande hivyo ni vizito kuliko magma, na kama safari ingechukua muda mrefu vingezama na kurudi chini. Kufika kwake juu ni ushahidi kwamba magma ilipanda kwa kasi, katika muda unaohesabiwa kwa saa au siku, wala si kwa karne.

Marsabit inafahamika miongoni mwa watafiti wa miamba duniani kwa sababu ya vipande hivi. Baadhi yake vina ganeti, na madini yake yametunza kumbukumbu ya mabadiliko ya joto na mgandamizo yaliyotokea chini ya nchi hii zamani sana, kabla ya mlima wenyewe kuwapo. Jiwe linaloonekana halina thamani limekuwa shahidi wa mambo ambayo macho yetu hayangeweza kuyaona.

Kwa nini hapa?

Marsabit iko zaidi ya kilomita 100 mashariki mwa Ziwa Turkana, mbali na mkondo mkuu wa Bonde la Ufa. Kwa nini basi volkano ikatokea mahali hapa?

Sababu ya kwanza iko chini sana. Mitetemeko ya ardhi inapotokea duniani, mawimbi yake hupenya ndani ya sayari yetu, na yakipita kwenye jabali lenye joto zaidi hupunguza mwendo. Vipimo vinaonyesha eneo kubwa sana la jabali la namna hiyo linaloanzia kwenye kina kirefu chini ya kusini mwa Afrika na kuinuka kuelekea Afrika Mashariki na Ethiopia. Kemia inaunga mkono jambo hili. Katika lava za Afar, nchini Ethiopia, kumepimwa aina nyepesi ya gesi ya heli, heli-3, kwa uwiano unaokaribia maradufu ya ule wa lava za kawaida za sakafu ya bahari. Gesi hiyo ni masalia ya wakati dunia ilipoumbwa, na wingi wake ni dalili kwamba sehemu ya lava imetoka kwenye kina ambacho hakijachanganywa sana tangu mwanzo. Joto hilo la chini ndilo lililoleta lava za kwanza kusini mwa Ethiopia na Turkana miaka milioni 45 hivi iliyopita, na tena mafuriko makubwa ya basalti yaliyoijenga nyanda ya juu ya Ethiopia miaka milioni 30 hivi iliyopita.

Sababu ya pili iko karibu zaidi. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kuna nchi ya chini, inayojumuisha Ziwa Turkana na jangwa la Chalbi. Hapa ganda la dunia ni jembamba kuliko pande zote mbili, kwa sababu lilivutwa na kunyoshwa mara mbili: kwanza katika zama za dinosaria, lilipofanyika bonde la kale liitwalo Anza, linalotoka Turkana kuelekea Lamu na ambalo leo limefukiwa na mchanga; kisha tena katika zama za Bonde la Ufa la sasa. Palipo na ganda jembamba, jabali la chini hupata nafasi ya kupanda, na likipanda huyeyuka. Ndipo ikainuka milima ya Kulal, Huri na Marsabit, na lava ikazifunika nchi tambarare zilizo kati yake.

Umri wa mawe na imani yetu

Kwa kipimo cha dunia, Marsabit ni mlima mchanga. Umri wake ni wa miaka milioni chache tu. Waamini wengine, hasa vijana wanaorudi kutoka vyuoni, hufadhaika wanaposikia hesabu za namna hii. Huuliza kama mtu anaweza kuzikubali na bado akasali Kanuni ya Imani bila unafiki.

Ni vema kwanza kujua hesabu inavyofanyika. Ndani ya potasiamu yote kuna aina moja, potasiamu-40, ambayo hugeuka polepole kwa mwendo usiobadilika. Nusu yake hugeuka katika miaka milioni 1,250. Sehemu ya kile inachogeuka ni gesi ya argoni. Lava ikiwa bado majimaji, argoni hutoroka. Lava ikiganda, argoni inayozaliwa baadaye hufungiwa ndani ya jiwe. Basi anayepima argoni na potasiamu katika jiwe anapima muda uliopita tangu lava ilipoganda, kama vile mtu anavyoweza kukadiria muda kwa kutazama maji yaliyodondoka ndani ya mtungi.

Kanisa haliogopi hesabu hiyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, nambari 159, inafundisha kwamba imani na akili haziwezi kupingana kikweli, kwa kuwa Mungu yule yule aliyefunua mafumbo ndiye aliyeitia nuru akili ya mwanadamu. Nambari 283 inatambua kwamba tafiti juu ya umri na ukubwa wa ulimwengu zimetajirisha maarifa yetu, na zinatualika kustaajabia zaidi ukuu wa Muumba. Mtakatifu Augustino alikwisha kuwaonya Wakristo wa zamani zake wasiyatumie Maandiko Matakatifu kubishania mambo ya maumbile wasiyoyajua, wasije wakaifanya imani kuwa kichekesho mbele ya wenye maarifa.

Tena, mmoja wa waasisi wa elimu ya miamba ni mwana wa Kanisa. Niels Stensen, mzaliwa wa Copenhagen mwaka 1638, alikuwa daktari na mchunguzi wa maumbile. Katika kitabu chake cha mwaka 1669 alieleza kanuni ambayo hadi leo kila mwanafunzi wa miamba huanza nayo: katika matabaka yaliyolala bila kuvurugwa, lililo chini ndilo lililotangulia. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amepokelewa katika Kanisa Katoliki. Baadaye akawa padre, kisha askofu, akaishi maisha ya ufukara akiwahudumia maskini. Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenyeheri mwaka 1988. Kwa mtu huyu kulisoma jiwe na kusali havikuwa na ugomvi wowote.

Jiwe moja, nchi mbili

Sasa turudi Marsabit. Mgeni akipanda kutoka jangwani hadi kwenye msitu wa mlima hudhani ameingia nchi nyingine. Chini ni mawe meusi yasiyo na udongo. Juu ni udongo mwekundu, miti yenye ndevu za ukungu, tembo na ndege. Lakini jiwe ni lile lile. Kinachotofautiana ni maji.

Mlima, kwa kuinuka kwake zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huzuia upepo unaotoka Bahari ya Hindi na kuukamua unyevu wake, na usiku miti hudaka ukungu na kuudondosha ardhini. Mahali penye maji, madini ya basalti huoza. Olivini huwa ya kwanza kuharibika. Chuma chake huungana na oksijeni na kuupa udongo wekundu wake, huku kalsiamu, magnesi, potasiamu na fosforasi zikiachiliwa kuwa chakula cha mimea. Mahali pasipo na maji, jiwe hukaa maelfu ya miaka likiwa jinsi lilivyo, likijipaka tu utando wake mweusi. Rutuba imo ndani yake, lakini imefungwa. Jangwa la Dida Galgalu si nchi iliyonyimwa baraka. Ni nchi ambayo baraka yake bado haijapata maji ya kuifungua.

Ghala la maji lisiloonekana

Jambo la kushangaza ni kwamba mlima Marsabit, pamoja na ukungu na mvua zake, hauna mto wowote wa kudumu. Mvua huenda wapi? Huzama. Basalti iliyoganda hupasuka kwa nyufa nyingi, na kati ya mtiririko mmoja wa lava na mwingine hubaki matabaka ya changarawe za volkano zenye matundu. Maji hupenya humo kama kwenye chekecheke na kushuka hadi yanapokutana na tabaka lisilopitisha. Sehemu ndogo hutokea mlimani, kama katika chemchemi za Bakuli ndani ya msitu zinazousaidia mji. Maji mengine husafiri chini kwa chini. Kandokando ya Chalbi, huko Kalacha, Maikona na North Horr, wafugaji hunywesha mifugo kwenye chemchemi na visima vilivyo ukingoni mwa nchi ya lava.

Waamini wa Mombasa wanafaidi jambo hili hili, hata kama hawajawahi kulifikiria. Mvua inayonyesha kwenye vilima vya volkano vya Chyulu huzama ndani ya lava na kuibuka tena kwenye chemchemi za Mzima, na kutoka huko bomba huyapeleka maji hadi pwani.

Ghala hili lina hatari zake mbili, na kila parokia yenye kisima katika nchi ya volkano inapaswa kuzijua.

Hatari ya kwanza ni uchafu. Nyufa zile zile zinazoyapitisha maji ya mvua kwa haraka hupitisha pia maji ya vyoo, dawa za mifugo na mafuta ya magari. Udongo mnene huchuja. Basalti iliyopasuka haichuji. Choo cha shimo kilichochimbwa kwenye mwamba wa namna hiyo, upande wa juu wa kisima, kinaweza kuwafikia wanywaji kwa muda mfupi.

Hatari ya pili inatoka kwenye kemia ya lava yenyewe. Katika nchi nyingi za volkano za Kenya, maji yaliyokaa sana ndani ya miamba yenye alkali hupoteza kalsiamu na kujaa sodiamu, na maji ya namna hiyo huacha floridi ibaki ndani yake. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha juu cha miligramu 1.5 za floridi kwa lita moja. Mtoto anayekunywa maji yanayopita kiwango hicho huota meno yenye madoa ya kahawia, na akiendelea kwa miaka mingi mifupa yake huweza kudhurika. Maji hayo hayana harufu wala rangi, na kuyachemsha hakusaidii. Kadiri yanavyopungua sufuriani, ndivyo floridi inavyozidi kukolea. Dawa yake ni kupima, kisha kuchanganya na maji ya mvua, au kuchuja. Jimbo Katoliki la Nakuru limekuwa mstari wa mbele nchini Kenya katika kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya mifugo, kwa kuwa madini ya mfupa huishika floridi na kuiondoa majini.

Wajibu wetu

Katika Waraka wake wa Laudato si' wa mwaka 2015, nambari 30, Baba Mtakatifu Fransisko alifundisha kwamba kupata maji safi na salama ni haki ya msingi ya kila mwanadamu, kwa sababu uhai wenyewe unayategemea. Kwa watu wa nchi ya lava, mafundisho hayo yanadai matendo yanayojulikana.

Msitu wa mlima ndio unaodaka ukungu na kuupeleka kwenye nyufa za mwamba. Anayekata mti mlimani kwa ajili ya kuni au makaa anapunguza maji ya jirani yake aliye jangwani, ambaye pengine ni wa kabila lingine na hatamwona kamwe. Katika eneo ambalo ugomvi wa maji na malisho umekwisha kugharimu maisha ya watu, kuutunza msitu ni kazi ya amani. Halmashauri za parokia, Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo na shule zetu zinaweza kuanza na mambo manne: kupeleka maji ya kila kisima kupimwa floridi na uchafu, kuweka vyoo mbali na visima, upande wa chini, kuvuna mvua kutoka kwenye mapaa ya makanisa na madarasa, na kupanda na kulinda miti ya asili ya mlimani.

Hata katekesi inaweza kunufaika na mawe haya. Mwalimu akiwapa watoto jiwe lenye punje za kijani na kuwaeleza lilikotoka, watajifunza kwamba Mungu hufanya kazi pia mahali pasipoonekana, na kwa muda mrefu kuliko subira yetu. Jabali lililopanda polepole kwa mamilioni ya miaka, likatoa matone machache ya moto, lilikuwa likiandaa mlima. Mlima ukaandaa msitu. Msitu ukaandaa maji. Na maji yamemfikia mama anayechota kisimani Kalacha asubuhi ya leo.

Basi, tukipita tena Dida Galgalu na kuyaona mawe yale meusi, tusiseme kwamba nchi hii imesahauliwa. Tumshukuru Mwenyezi Mungu aliyeiweka misingi yake, na tumwombe atujalie kuwa watunzaji waaminifu wa kisima tulichokabidhiwa.